Prosesa Nane Zilizokufa

Mshenga aliliona kopo la biskuti kabla hajamwona mama aliyelibeba. Lilikuwa linakuja taratibu kwenye ujia wa jengo, limekumbatiwa kwa mikono miwili, na kila hatua lilitoa mlio ambao sikio lake halikuwahi kuukosea. Prosesa, vile vibamba vilivyo ubongo wa kompyuta. Tena si moja. Akajifuta uso, akaiweka sawa kola ya shati, akaanza kutabasamu mapema ili tabasamu lipate muda wa kukolea.

Tuelewane kuhusu hilo jina lake. Hakuwahi kumwozesha mtu. Waliombandika ni wapenzi wa gemu, kwa sababu kazi yake, kwenye meza iliyobanwa chini ya ngazi, ilikuwa kuoanisha prosesa na kadi ya picha kwa watu wenye mfuko mwembamba. Alikuwa na maneno matamu. Alieleza kwamba prosesa ndiyo inayofikiri na kadi ndiyo inayochora, na mmoja akimzidi mwenzake mbio, nyumba haikaliki: anayeweza anakaa bure, asiyeweza anahema. Yote hayo yalikuwa kweli tupu. Akishayasema, alimuuzia mteja prosesa na kadi zisizoendana hata chembe, ili gemu lianze kukwama baada ya wiki mbili na mteja arudi kubadilisha. Kuna kadi moja ya feni moja ilikuwa imeshaolewa nyumba saba, na kila ndoa Mshenga alikula ushenga wake.

Ujanja wake wa pili aliuita kuzika. Kuna prosesa zenye herufi fulani mwishoni mwa jina, herufi ambayo wateja huidhani pambo. Maana yake ni kwamba prosesa hiyo haiwezi kutoa picha yenyewe, mpaka iwe na kadi pembeni. Basi Mshenga huchomoa kadi kimyakimya, huwasha mashine, na skrini hubaki nyeusi. Huinamisha kichwa. Humpa mteja pole za dhati, humwambia prosesa imefariki, na kwa moyo wake mwema hujitolea kumwondolea mabaki. Kesho yake marehemu anauzwa mzima wa afya.

Lakini wiki hiyo alikuwa na shida ya kweli. Mwenye ukumbi wa gemu, ghorofa ya juu, alikuwa amemwagiza kompyuta sita za bei nafuu, na kumwahidi kwamba zikifika Ijumaa zikiwa zinafanya kazi, angempangisha chumba cha pembeni mwa ukumbi. Chumba chenye dirisha. Chumba chenye mlango na kitasa. Miaka minne Mshenga alikuwa akifunga kazi kwa kufunika meza kwa turubai, huku watu wakimpigia hatua kichwani na vumbi la viatu vyao likimwingia kwenye chai. Usingizini aliota kitasa. Kadi sita za kizamani alikuwa nazo. Prosesa hakuwa na hata moja ya kuuza, na siku ilikuwa Jumatano.

"Shikamoo, mama," alisema, akivuta kiti.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiye unayejua hivi vitu."

Alikuwa mama wa makamo aliyevaa miwani yenye kamba, na alikaa kama mtu asiye na haraka. Akafungua kopo. Prosesa nane zilikuwa zimelala kwenye kadibodi, na zote, Mshenga alihesabu mara mbili kwa jicho moja, zote zilikuwa na ile herufi mwishoni. Moyo ulimruka. Uso haukuruka, maana ulikuwa umefundishwa.

Mama alieleza kwamba alikuwa karani wa shule, amestaafu, na kwamba umeme ulipiga chumba cha kompyuta kukawa hakuna tena chumba cha kompyuta. Shule ikamwachia vyuma hivyo. Mpwa wake alizipachika zote kwenye bodi ya kompyuta yake, moja baada ya nyingine, na skrini ikabaki nyeusi.

"Zimekufa," alisema. "Nakwambia mapema, nisije nikaonekana tapeli."

Mshenga akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa tu, kama bodi ya huyo mpwa ilikuwa na kadi ya picha. Mama akasema hajui habari za kadi. Alichokiona yeye ni bodi, feni na weusi.

Basi hapo mtu wetu akajiona amefika peponi. Mpwa mjinga amepima prosesa zisizo na macho bila kuzipa kadi. Zote nane zilikuwa hai, kwa hesabu zake: sita za ukumbini, mbili za faida. Hata hivyo, kwa kuwa heshima ya kazi ni kitu, alisema lazima azipime mwenyewe. Akatwaa bodi isiyo na kadi, akapachika ya kwanza, akawasha. Weusi. Akatikisa kichwa. Ya pili, weusi. Alizipima zote nane kwa unyenyekevu mkubwa, na kila skrini ilivyokataa kuwaka ndivyo alivyozidi kufurahi.

"Pole sana, mama. Ni kweli zimekwenda."

"Na ukiweka kadi? Hiyo hapo yenye feni mbili," mama aliuliza, akinyoosha kidole. "Wewe ni fundi, labda kungekuwa na tofauti."

Hiyo kadi ya feni mbili ndiyo iliyokuwa roho ya meza ile. Aliipata kwa mtu aliyekuwa anahama kwa haraka, hakumwuzia yeyote, na ilikaa imewaka mchana kutwa ikionyesha magari ya mashindano ili wapita njia wasimame. Kuiweka kungewasha skrini mbele ya macho ya mama, na mama angejua ana mali.

"Haina haja," alisema Mshenga. "Maiti humvalishi miwani."

Mama akacheka kidogo, akaanza kufunika kopo. Akasema basi atazipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mtaa wa pili, ameambiwa zina chembe za dhahabu. Mshenga akamshika mkono kwa adabu. Alisema yeye huzipenda kwa mapambo ya ukutani, akaahidi kipanya kipya. Mama akafunika nusu. Mshenga akaongeza kibodi yenye taa. Mama akafunika robo tatu. Akaongeza spika mbili, na mama akasimama.

"Sitaki vingi, mwanangu. Nipe hiyo ya feni mbili tu. Nimependa inavyozunguka."

Walivutana kwa nusu saa. Mshenga alisema kadi ile ni ya marehemu baba yake, akasahau, akasema ameiazima kwa rafiki. Mama alisikiliza yote kwa huruma, kopo kwapani, mguu mmoja ukiwa umeshageukia mtaa wa pili. Mshenga akapiga hesabu za chumba, akakiona kitasa. Akaichomoa kadi, na magari ya mashindano yakazimika.

Mama alikuwa na ombi moja la mwisho. Miaka yote ya ukarani ilikuwa imemzoesha karatasi; je, wangeandikiana? Hilo lilimfurahisha Mshenga kuliko yote, maana karatasi ingemlinda siku mama atakaposikia ukweli na kurudi akilia. Akaandika kwa mkono wake, kwa mwandiko wa mikogo: amepokea prosesa nane zilizokufa, amezipima mwenyewe, ameridhika, hakuna kurudishiana. Akatia sahihi yenye mkia mrefu.

Mama alipokata kona tu, Mshenga akashusha turubai, akajifungia na furaha yake. Akachukua kadi moja ya kizamani, akaipachika kwenye bodi pamoja na prosesa ya kwanza, akawasha. Weusi. Akailaumu kadi, akaweka nyingine. Weusi. Akaipuliza prosesa, akaisugua kwa pamba, akaisemesha. Akaiweka ya pili, ya tatu. Akabadilisha bodi, akabadilisha waya wa skrini. Akafika ya sita, ya saba, na ya nane aliiwasha akiwa amefumba macho, halafu akafumbua jicho moja. Zilikuwa zimekufa zote, kama alivyoambiwa, kama alivyoandika.

Ijumaa alipanda ngazi mikono mitupu. Mdomo alikuwa nao, na njiani alishatunga hadithi ya mzigo uliokwama bandarini. Mwenye ukumbi hakuisikiliza. Alimwelekeza kwenye chumba cha pembeni kwa kidevu, akasema mambo ya wapangaji anayaamua dada yake mkubwa.

Dada mkubwa alikuwa ameketi karibu na dirisha, miwani yenye kamba puani. Mbele yake kulikuwa na kompyuta iliyofunguliwa ubavu, na ndani yake feni mbili zikizunguka taratibu. Kwenye skrini alikuwa anaendesha gari la mashindano, vibaya sana, kwa raha.

"Mama," alisema Mshenga. "Zile prosesa zimekufa."

"Pole. Nilikwambia." Mama aliliegesha gari ukutani kwa kishindo. "Mwezi uliopita uliizika prosesa ya binti wa jirani yangu. Nikaikuta kwa kinyozi wangu, aliyeuziwa na wewe, inacheza muziki. Nikasema kabla mdogo wangu hajampa mtu chumba, acha nikamwone. Nikakuomba uweke kadi. Ungeweka, tungeziona wote zimekufa, ungeniambia nikatupe, na leo ufunguo ungekuwa wako."

Mshenga alihisi uchungu halisi, ule usiohitaji kuigizwa. Aliomba angalau arudishiwe kadi yake. Mama akavuta droo, akatoa karatasi, akaishika mbali kidogo na macho na kusoma kwa sauti ya juu mpaka kwenye mkia wa sahihi. Hakuna kurudishiana.

"Na hii unayochezea?" aliuliza Mshenga, akiinama kuchungulia ndani ya mashine, maana fundi ni fundi hata akiwa amefiwa. "Prosesa yake umeitoa wapi?"

"Zilikuwa tisa. Mpwa wangu alizipima tena kwa kadi ya kuazima, moja ikapona. Ilikosa kadi tu." Mama akamsogelea. "Hebu niambie kweli, wewe unajua. Zinaendana?"

Mshenga aliitazama prosesa, akaitazama kadi. Hakuna iliyokuwa inahema wala iliyokaa bure. Miaka minne ya kazi, na hii ndiyo ndoa yake ya kwanza iliyokaa sawasawa.

"Zinaendana," alisema.

"Ahsante, mwanangu. Ukitoka vuta mlango, unajifunga wenyewe."

Aliuvuta. Kitasa kikaitika kwa mlio mwepesi, mzuri kabisa, na yeye akiwa upande wa nje.