Daraja Tupu la Mpiji

Serikali ya Tanganyika, baada ya kufikiri kwa miaka mingi, iligundua kwamba ina madaraja. Ugunduzi huo uliistua. Mara moja ikaunda Kamati ya Picha za Madaraja, ikaipa mwenyekiti, makamu wake, karani, tarishi na kamera moja, kisha ikatangaza kuanzia Kisarawe hadi Mlandizi kwamba kila daraja la reli lenye miguu ya mbao litapigwa picha, liwe linapitwa na gari la moshi au liwe limetupwa. Yanayotumika yangekarabatiwa. Yaliyotupwa yangevunjwa, na mbao zake zingejenga baraza jipya la klabu ya mabwana, kwa kuwa lile la zamani lilikuwa likivuja na kuingiza maji ya mvua katika vinywaji.

Karani wa Kamati alikuwa Adamu, mtu wa Kisarawe, mwenye kaptula iliyopigwa pasi hata ikaweza kusimama bila yeye. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna kiumbe chochote kinachoonekana pichani, maana Bwana Mwenyekiti alikuwa ameamua kwamba binadamu huharibu sura ya daraja. Adamu aliiona hekima hiyo. Alikwisha kuona madaraja yenye watu, na kweli hayakuwa na adabu.

Pale Mpiji madaraja yalikuwa mawili. Jipya ndilo lililobeba reli. La zamani, chini kidogo ya hapo, lilitupwa reli ilipohamishwa, likabaki na miguu yake na njia ya mbao juu, nyembamba, ya kupita mtu mmoja. Kwa mujibu wa Serikali halikuwa na kazi. Kwa wenyeji ndiyo ilikuwa njia yao pekee ya kwenda kwenye mashamba ya mpunga, kwa sababu mto Mpiji ukijaa masika humchukua mtu na jembe lake, na daraja jipya lilikuwa marufuku kwa waendao kwa miguu. Likivunjwa lile la zamani, mpunga ungebaki ng'ambo uliwe na ndege.

Mmoja wa wenye mashamba hayo alikuwa Bi Biasha, mama yake Mwanakheri, na Mwanakheri alikuwa mke wa Adamu. Kamati haikuarifiwa jambo hilo, kwani hakuna aliyeuliza.

Wakaanza na daraja jipya. Adamu alifanya kazi iliyotukuka. Alifukuza mafundi wa reli, akafukuza mbuzi, akafukuza korongo aliyekuwa amesimama majini kwa shughuli zake binafsi. Bwana Picha, ambaye ndiye aliyeshika kamera, alisema moshi utachafua mbingu, basi hata gari la moshi likazuiwa stesheni ya Soga. Abiria walishinda huko wakila mihogo ya kuchoma, huku Serikali ikipiga picha ya daraja wanalongoja kulipita. Picha ikatoka safi. Hapakuwa na dalili yoyote ya uhai.

Kesho yake wakaenda kwenye daraja la zamani. Katikati yake, juu ya mkeka, alikuwa ameketi Bi Biasha amevaa kanga mpya.

Adamu akageuka ghafla, akayatazama matete ya kando ya mto. Kwao mtu hamkazii macho mama mkwe, seuze kumpigia kelele. Neno likimlazimu hulipitisha kwa mtu wa kati. Kwa bahati jirani wa Bi Biasha, Siwema, alikuwa hapo amejitwisha kikapu.

"Siwema," Adamu aliyaambia matete, "mwambie mama, Serikali inamwomba asogee kidogo."

Bi Biasha alikuwa hatua chache tu, na masikio yake yalikuwa mazima. Hata hivyo alingoja Siwema amfikishie.

"Mwambie mkwe wangu nimesikia. Mwambie na haya: nilimpa binti, daraja sikumpa."

"Anasema..." Siwema alianza.

"Nimesikia, dada."

"Hujasikia mpaka nikwambie. Anasema alikupa binti, daraja hakukupa. Na mimi naongeza langu, hiyo kaptula imekubana."

Watu wa vijiji vya Gwata na Mbwawa waliokuja kutazama walipoona karani anahutubia majani, nao wakapanda darajani. Wanaume walikwenda kuvaa kanzu zao za Idi kwanza, kwa kuwa picha haipigwi kila siku.

"Adamu, ondoa watu!" Bwana Picha aliita.

"Naam, Bwana. Naondoa."

"Unaangalia matete."

"Naanza na matete, Bwana."

Jua lilikuwa likishuka. Bwana Picha akapiga hivyo hivyo.

Kamati ilikutana Dar es Salaam, ikaziweka picha mbili mezani. Bwana Mwenyekiti hakuwa amewahi kufika Mpiji, jambo lililomsaidia kuamua bila upendeleo.

"Karani, watu waliondolewa kote kabla ya picha?"

Adamu alipima. Akisema hapana, hana kazi. Akieleza habari za mama mkwe, hana kazi na atachekwa pia.

"Waliondolewa, Bwana. Kote."

"Hapa waliondolewa, pakabaki patupu," alisema Mwenyekiti. "Na hapa waliondolewa, na bado wamejaa hivi. Basi ni wazi daraja lipi linatumika."

Makamu alisema ni wazi kabisa. Baraza la klabu likapata mbao.

Amri ilipomfikia Kondo, nyapara wa reli, aliisoma, akamtazama Adamu aliyeileta.

"Bwana karani, hili tunaloambiwa tulivunje ndilo linalopitwa na gari la moshi."

"Umeliona gari la moshi kwenye picha?"

"Kwenye picha, la."

"Basi usibishane na kamera."

Kondo akavunja. La zamani likapigwa misumari mipya na mbao imara.

Wakati wa mavuno Kamati nzima ilisafiri kwenda Morogoro kupongezwa. Treni ikasimama Mpiji, kwa kuwa mbele yake palikuwa na hewa. Dereva alieleza kwamba gari jingine linangoja ng'ambo, na njia ya kulifikia ni ile pale chini. Wakashuka, wakaingia darajani kwa mpangilio wa vyeo: Mwenyekiti, Makamu, Bwana Picha, Adamu, na Zahoro tarishi nyuma kabisa na masanduku.

Walipofika katikati wakakutana na wanawake waliojitwisha mpunga, Bi Biasha mbele.

"Baba, rudi nyuma utupishe," alisema. "Hapa mwenye mzigo kichwani ndiye hupita."

"Mimi ni Mwenyekiti wa Kamati," alisema Bwana Mwenyekiti, kwa Kiswahili chake cha ofisini.

"Ndiyo, baba. Na mimi nimebeba mpunga."

Mwenyekiti alitazama kulia, akaona mto. Akatazama kushoto, akaona mto uleule. Njia haikuwa na nafasi ya kugeuka, sembuse ya kupishana. Basi Kamati ikarudi kinyumenyume, Zahoro tarishi akiongoza, akiwaelekeza mabwana pa kukanyaga, na Bwana Mwenyekiti wa mwisho. Walipofika ukingoni walisimama kando, kofia mkononi, wanawake wakapita mmoja mmoja na kuwasalimu.

Mwenyekiti akauliza kama sasa wanaweza kuvuka.

"Bado, Bwana," alisema Zahoro. "Ndio kwanza wameanza kuvuna."