Nilitoa Hata Biblia

Jumatatu, 9 Juni
Gari imekataa tena. Wanyama anazungusha ufunguo, gari inasema "tk", basi. Wanyama ndio bwana yangu. Yeye huendesha, mimi huuza vitunguu tunatoa Kimana. Mimi sijui kuendesha. Kazi yangu ni kuita watu wasukume. Leo wamesukuma sita, mmoja na taulo. Mgongo imekufa.

Nailantei, mwenye ploti, akatoka. Nikamsalimia na Kimaasai, "takwenya", akaitika "iko" bila kunitazama. Ati ploti ni ya kulala, sio ya kusukuma. Ati akisikia tena "moja, mbili, sukuma!" asubuhi, gari ihame. Ihame iende wapi? Huko nje kwa barabara watatoa betri, watatoa taa, watuachie namba. Bila gari hakuna vitunguu.

Na Dinah wa nyumba ya nne alikuwa kwa mlango na kikombe ya chai. Huyo huuza nyanya. Gari yake anabonyeza rimoti akiwa bado ndani, inaunguruma nje. Akaniambia pole sana mama. Hiyo pole ilikuwa na sukari mingi.

Jumanne, 10 Juni
Nimeleta fundi Muthama. Akafungua boneti, akasema stata iko sawa, ni waya ya kutoka kwa ufunguo imechoka. Hata mimi nimechoka, na hakuna mtu ananifungua boneti. Ati atapitisha waya ingine mpaka kwa stata, aweke kasuichi hapo, unabonyeza inashika. Nikamwambia sitaki kasuichi. Nataka rimoti. Akasema gari mzee hivi na rimoti ni kama kumvalisha shosho viatu ya kisigino. Nikamsumbua mpaka akakubali. Nimemwahidi nitaeneza jina yake. Kueneza naweza.

Jumatano, 11 Juni
Imewekwa! Rimoti ni ya geti, alitoa kwa mtu alibadilisha yake. Ameniambia mara tatu: kabla ya kubonyeza, gari lazima ikuwe frii. Nikamwambia mimi si mtoto.

Wanyama akarudi na gari, akaiacha na gia na jiwe kwa gurudumu vile yeye hufanya, maana hendibreki ilikufa zamani. Akaenda kuoga. Mimi nikaanza kazi. Nikatoa magunia, kreti, gurudumu ya spea, hata ile Biblia ya mbele. Nikapangusa. Gari ikakuwa frii kabisa. Mikono inauma.

Nimeambia jirani yangu Mukai peke yake, na ni siri, ati kesho saa kumi na mbili ataona maajabu. Kabla nikoroge ugali, ploti yote inaniuliza ni maajabu gani. Watu wengine hawana mdomo ya kuweka siri. Inanishangaza.

Alhamisi, 12 Juni
Walitoka wote. Dinah na kikombe yake. Nailantei nilimgongea mimi mwenyewe, nikamwambia leo hakuna kusukuma. Nikainua rimoti kama mhubiri na maiki. Nikabonyeza.

Gari ikaruka! Hakuna mtu ndani! Mukai akapiga nduru, akaita Yesu. Mimi nikafikiria rimoti haijashika vizuri, nikabonyeza na vidole mbili. Ikapanda jiwe. Ikatembea nguu, nguu, nguu, mpaka kwa nyumba ya kuku ya Nailantei, ikaingia bila kubisha. Kuku zikatokea kwa kamba ya nguo. Hakuna imekufa, asante Mungu. Lakini jogoo hajasema kitu tangu hiyo saa.

Wanyama akatoka mbio na kiatu moja, anauliza nani amewasha gari ikiwa kwa gia. Nikamwambia asinipigie kelele, gari ilikuwa frii, nilitoa hata Biblia.

Halafu Dinah akacheka chai ikamtoka na pua.

Wanyama akanieleza polepole, kama mgonjwa. Ati dereva akisema frii ni gia imetolewa, haijashika mahali. Sasa hawakupata neno ingine? Miaka kumi na nane ya ndoa, ndio naambiwa leo!

Ijumaa, 13 Juni
Nailantei ameita mkutano. Nikavaa ile nguo ya matanga, nikijua tunahamishwa. Akazunguka gari mara mbili. Akasema kuku hazina mahali ya kulala. Kwa hivyo zitalala ndani ya gari mpaka Wanyama amalize kuzijengea nyumba ingine. Ufunguo akafunga kwa leso yake. Gari haitoki!

Haitoki! Nikapiga makofi. Peke yangu.

Jumamosi, 14 Juni
Wanyama ameenda Kimana kwa gari ya Dinah, amekalia kreti za nyanya. Hajaniongelesha tangu Alhamisi. Nimeongea yangu na yake. Inachosha.

Jumapili, 15 Juni
Kuku zimetaga mayai tatu kwa kiti ya dereva. Dinah ako na rimoti, lakini gari yake imetaga nini?

Kitu moja inanisumbua. Nailantei ni mtu wa magoti mbaya, na kila asubuhi lazima atoke kwa baridi kufungulia kuku mlango ya gari. Sasa kama mlango ingejifungua, si angenipenda? Nikitoka kanisa nikapitia kwa Muthama. Akaniona, akajifungia ndani. Nikaongea naye kupitia tundu ya kufuli. Akasema hapana. Nikaeleza tena, akasema hapana. Nikaeleza mara ya tatu. Akauliza hiyo mlango ni ya kuvuta ama ya kusukuma.