Hotuba ya Kuzindua Dari ya R Mia Tatu

Mheshimiwa mimi mwenyewe, Mkurugenzi wa Faraja ya Majengo ya Umma, mheshimiwa msaidizi wangu, mheshimiwa anayenishikia mwavuli, mwalimu mkuu, wajumbe wa kamati, wa kamati ndogo na wa kamati ya kufuatilia kamati ndogo, wazazi wenye subira, nanyi watahiniwa mnaoanza mtihani Jumatatu ndani ya chumba hikihiki, ambamo mwaka jana wenzenu wawili walizimia kwa joto la bati kabla hawajafika swali la tatu: itifaki imezingatiwa! (Makofi. Mtoto mchanga analia.)

Mwaka huu hazimii mtu! Kwa mujibu wa mpango mkakati shirikishi, na baada ya vikao arobaini na kimoja, ambapo kimoja tu kilitimiza akidi, ofisi yangu iliamua kwamba juu ya dari hii iwekwe kizuia joto, yaani ile sufi nene inayotandazwa kati ya bati na vichwa vyenu, tena yenye kiwango cha R thelathini. Na kwa kuwa mimi ni mtaalamu niliyehudhuria semina hadi wakati wa chai, nawaelimisha: nje kuna digrii thelathini na nne, toa R thelathini, zinabaki nne, ndiyo maana niliagiza kila mtahiniwa aje na sweta. (Watahiniwa, wote wamevaa sweta, wanajipepea kwa madaftari.)

Naona mkono. Sema, binti yangu, wewe wanayekuita Kamusi.

("Shikamoo, mheshimiwa. Samahani, R haitolewi kwenye digrii. Inaonyesha jinsi kitu kinavyolizuia joto lisipite. Namba ikiwa kubwa, joto linapita kwa shida zaidi. Sufi ikiwa nene R inapanda, ukiikandamiza inashuka." Vicheko. "Mpeni kipaza sauti huyo!")

Marahaba, mwanangu, umerudia nilichosema kwa maneno mengine. Na kwa kuwa namba kubwa ndiyo bora, kama binti alivyokiri, niliwauliza wataalamu wangu: kwa nini tuishie thelathini wakati wino ni uleule? Tukachapa lebo za R mia tatu! Lebo mia sita, za rangi mbili, zimebandikwa huko juu kwa ufanisi wa asilimia mia moja na kumi! (Jasho la mheshimiwa linadondokea karatasi ya hotuba. Fundi wa dari ameegemeza ngazi na kuingiza kichwa kwenye tundu la dari.)

Fundi, shuka, bado nahutubia.

("Nachungulia tu, mzee. Lebo nimeziona, zimenyooka kweli. Sufi iko wapi?")

Sufi ni awamu ya pili! Mkaguzi wa majengo anakuja kusoma lebo, haji kulala. (Miguno.) Wala msidhani siijui R thelathini; dari ya ukumbi wa ofisi yangu, hapo ng'ambo ya barabara, inayo tangu ulipojengwa, feni hatuwashi, saa saba mchana nasinzia kwa raha zangu, na milango yake, nasema mbele ya mashahidi, iko wazi kwa kila mwananchi!

(Kamusi anavua sweta. "Ukumbi huo unatosha madawati arobaini, mheshimiwa?")

Hata sitini, binti yangu!

("Basi Jumatatu saa mbili tuko kwako!" Vifijo. Wazazi wanaanza kubeba madawati papo hapo.)

Taratibu na mlango wangu, jamani! Naam, ni mimi niliyebuni wazo hilo. Lebo juu! ("Sufi je?") Lebo juu! ("Sufi je?") Kwa kumalizia, nawashukuru wachapaji, waliotuletea gundi, na kiwanda cha sufi, ambacho hakika tungekiandikia barua kama hiyo awamu ya pili ingekuwepo. Mwalimu mkuu ananinong'oneza kwamba, ukumbi wangu ukiwa na watahiniwa, wiki nzima ya mtihani mimi nitafanyia kazi humu, chini ya R mia tatu. Asanteni sana. Mwenye daftari la kujipepea, naomba aniachie.