Kiti cha Mlango wa Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kazini. Miezi mingi kitandani, na leo nimeingia saluni kwa miguu yangu, suruali imepigwa pasi, masharubu yamechongwa. Hakuna aliyejua chochote. Hakuna atakayejua.

Kwa kumbukumbu tu: utumbo mpana sina. Ulijaa vidonda, ukatolewa wote. Kwa muda nikawa nabeba mfuko wa plastiki ubavuni, chini ya shati, ukipokea kinachopaswa kupokelewa. Kisha daktari akachukua ncha ya utumbo mwembamba, akaikunja mfano wa herufi J, akashona mfuko mdogo humo humo ndani, akauunganisha na njia yake ya kawaida. Mfuko wa nje ukaondolewa, tundu likazibwa. Daktari akapewa pongezi. Mimi nikapewa choo.

Maana mfuko huu mpya haujui kazi. Unajaa upesi, unaita upesi, na ukiita hausikii sababu. Muuguzi alisema ni kama mtoto mchanga, utazoea polepole. Nile kidogo kidogo, ninywe maji ya chumvi na sukari, nisijinyime chakula hata kidogo. Tena niwaambie wenzangu kazini. Nimelea watoto wangu wote kwa ukali, na wote wakanyooka. Huu nao utanyooka.

Pigo la kwanza: kiti changu hakipo dirishani! Shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kushika wembe, ndiye aliye dirishani. Changu amekisukuma nyuma kabisa, kando ya mlango wa uani, jirani na ndoo ya kudekia. Nikamtaka anieleze. Akasema ni kwa ajili ya hewa, Shemeji, hapo utapata hewa. Hewa! Mlango ule unatazamana na choo.

Akaja Mama Mwenye Jengo, ambaye saluni ni yake. Akanitazama nilivyokonda. Akasema, kwa ule upole wake wa kutisha, kwamba mwanawe anaoa Jumamosi na atanyolewa asubuhi na mimi, kama alivyonyolewa na mimi tangu utoto. Nikimudu, kiti ni changu. Nisipomudu, yuko kijana ng'ambo ya barabara anayekitaka. Si kwa ubaya, mzee wangu, akasema, ila wateja hawanyolewi kwa kumbukumbu.

Sijui kazi nyingine. Mikono yangu haijawahi kuulizwa kufanya kitu kingine. Jumamosi, basi.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza. Rahisi, safi. Kisichoingia hakitoki. Sikunywa chai, sikula mkate, maji sikuyagusa. Mama watoto aliweka chupa ya maji ya chumvi mezani, akakaa akiitazama chupa, si mimi. Nikamwambia nitakunywa njiani. Nikaimwaga njiani.

Matokeo: fedheha. Mfuko mtupu hujaa upepo. Tumbo likanguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka. Mteja, dereva wa lori, akauliza kama kuna watu wanahamisha makabati ghorofani. Hatuna ghorofa.

Kisha ukaita. Nilikuwa nimemaliza nusu ya kichwa chake, upande wa kulia. Nikaweka mashine chini, nikaenda kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuangalia kitu. Ufunguo wa choo hukaa kwa Fundi Cherehani, chumba cha pili. Ameufunga kwenye kipande cha ubao kikubwa kama sinia, ili usiibwe. Anautoa kwa sauti. "Mzee wa watu, si umetoka huko sasa hivi? Au umepanga chumba?" Wasaidizi wake wakacheka, pini midomoni mwao wala hawakuogopa kuzimeza.

Kilichotoka ni kama maji ya betri. Nilishika ukuta.

Niliporudi, dereva alikuwa amejigeuza kwenye kioo, anatazama nusu yake moja na nusu yake ya pili. Akauliza kwa ukali ndio mtindo gani huu. Ulimi wangu ukanitangulia. Nikamwambia kichwa hakinyolewi chote kwa mkupuo mmoja. Hunyolewa nusu, kikapumzishwa, damu ikarudi kwenye mizizi, ndipo hunyolewa nusu ya pili. Nikamwambia hii ndiyo sababu vinyozi wa siku hizi wanawatia watu vipara. Akajishika nusu iliyobaki kwa heshima. Akasema kweli, alikuwa akihisi joto.

Nilipoinua macho, Shemeji alikuwa ananitazama kupitia kioo chake. Hakucheka. Hilo ndilo lililonikera.

Alhamisi, 6 Machi

Habari za Kupumzisha Kichwa zimeenea! Dereva amewaleta madereva. Mmoja nilimmaliza bila kuitwa na mfuko, akalalamika kwamba hakupumzishwa. Ikabidi nitoke nje nisimame uani bila sababu, nikihesabu matofali, ili aridhike. Mwalimu mstaafu akauliza kama ndevu nazo zinapumzishwa. Nikasema ndevu ni hiari.

Shemeji akaninong'oneza kwamba mteja wake naye anataka apumzishwe, afanyeje? Nikamwambia afanye anachokijua na asiibe fani za watu.

Upande wa pili wa habari si mzuri. Ngozi ya huko chini imeungua. Kukaa ni moto, kutembea ni moto. Kuna krimu, inabidi kuipaka kila baada ya choo. Mtu anayejiambia kwamba haendi chooni hawezi kubeba krimu mfukoni. Siibebi.

Asubuhi nilipoamka nilisikia kitu kinachakacha chini ya shuka. Nikalifunua. Mama watoto ametandika nailoni juu ya godoro, upande wangu. Ameikunja pembeni vizuri, kama mtu anayefunga zawadi. Nikalirudisha shuka, nikalinyoosha, nikakaa ukingoni mwa kitanda hadi aliponiita chai imepoa.

Muuguzi alipiga simu, mama watoto akapokea. Nikamfanyia ishara aseme sijambo. Akasema, "Anasema hajambo." Ndivyo alivyosema, neno kwa neno, usaliti mtupu.

Ijumaa, 7 Machi

Kesho ndiyo siku. Nimejipanga kama jeshi.

Kwanza, ufunguo. Sitakubali kuombewa ruhusa mbele ya wajomba wa bwana harusi. Fundi Cherehani alipoinama kuokota kibobini cha uzi, nikauchukua ufunguo pamoja na ubao wake, nikautia ndani ya suruali, aproni juu. Baadaye kidogo yeye mwenyewe akabanwa. Akautafuta chini ya vitambaa, ndani ya droo, ndani ya cherehani. Akaja saluni akiruka mguu huu na huu, akasema aliyeuchukua Mungu amwone. Nilikuwa nanyoa, ubao umenichoma nyonga, siwezi hata kuinama. Nikasema inasikitisha. Akavuka barabara mbio kwenda kuomba choo kwa watu. Nilimtazama anavyokimbia, nikaujua ule mkimbio. Ungeweza kunigusa moyo. Sikuuruhusu.

Pili, kiti. Shemeji alipokwenda kula nilikisukuma cha kwangu hadi dirishani, cha kwake nikakipeleka nyuma. Kazi ile ilinitoa jasho baridi, na nyota nikaziona mchana. Lakini bwana harusi hanyolewi kando ya ndoo! Shemeji aliporudi alisimama mlangoni. Akasema, "Shemeji, una hakika? Huku mbele ni mbali." Mbali na nini, nikamuuliza. Akasema mbali tu. Akachukua ufagio akafagia mahali pasipo na nywele.

Tatu, tumbo. Tangu mchana halijaingizwa kitu, wala tone. Safari hii hata upepo utakosa pa kuanzia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimelazwa hospitali, nimeandikiwa nipumzike. Naandika kwa kujificha. Sindano ya maji imo mkononi, mwandiko si wangu.

Mambo yalivyokwenda.

Wamekuja wote: Mama Mwenye Jengo amevaa kitambaa kinachong'aa, bwana harusi, wajomba wawili wa kukunja uso, mpiga picha barabarani anapiga honi. Mimi nimevaa suruali yangu nzuri, ya sherehe. Nikaanza upande wa kulia. Mashine ilikuwa nzito kama tofali. Midomo imekauka, ulimi umegeuka kipande cha ngozi. Nikafika katikati ya kichwa.

Ukaita.

Nikatangaza mapumziko. Bwana harusi akafurahi, amesikia habari zake. Mama Mwenye Jengo akasema hapana, leo hakuna cha kupumzisha, mpiga picha analipwa kwa saa, malizeni. Nikasema damu na mizizi. Mjomba mmoja akasema yeye ana kipara na hakuna damu iliyowahi kurudi.

Nikaona niende kwa nguvu. Nikatia mkono mfukoni. Ufunguo haumo. Ubao na ufunguo wake vimelala nyumbani, ndani ya suruali ya jana.

Basi nikabana. Nikabana kwa miaka yangu yote. Nikachukua wembe wa kuzungushia sikio, na hapo dirisha likaanza kusogea, na sikio la bwana harusi likawa mawili. Mkono wa mtu ukashika kifundo cha mkono wangu, ukautoa wembe vidoleni taratibu. Shemeji. Alitokea nyuma kabisa, sijui alipitaje. Kisha nikaanguka.

Nilipojua niko wapi nilikuwa sakafuni, na yaliyotakiwa kutokea chooni yalikuwa yametokea. Nilisikia joto lake. Nikasema moyoni, sasa niache nife hapa hapa, mapema, kabla hawajatazama chini.

Na hapo Shemeji akafanya jambo la kinyama kuliko yote. Akachukua ndoo ya kudekia, imejaa maji ya sabuni, akanimwagia! Yote! Kiunoni, miguuni, sakafu nzima! Mbele ya wageni! Akapiga kelele kwamba ni kosa lake, ameangusha ndoo, mzee ameteleza, jamani tokeni nje viatu vitaloa. Akavua aproni yake akanifunika, akaikunja chini yangu pande zote. Wakatoka wote. Bwana harusi na nusu ya kichwa.

Jumatatu, 10 Machi

Bado chupa ya dripu inadondosha. Muuguzi amenisomea shitaka lote. Nimekauka kama samaki wa kuanikwa, chumvi ya mwili imekwisha, kidogo tu figo zingesimama. Nikamwambia mfuko unahitaji nidhamu. Akasema mfuko hauna hatia, anayehitaji nidhamu anamfahamu, na amelala kitanda hiki.

Mama watoto akaja na nguo. Akakaa. Akazungumza kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

Kasema Shemeji anajua tangu siku ya kupasuliwa. Ndiye aliyeshinda nje ya chumba cha upasuaji, maana yeye, mama watoto, alikuwa hawezi kusimama. Kasema kiti kilisogezwa mlango wa nyuma ili nisitembee mbali. Kasema Shemeji alimwomba Fundi Cherehani aache choo wazi Jumamosi asubuhi yote, asiulize, lakini ufunguo ukapotea kiajabu. Hapo akanitazama. Ameukuta, ubao na vyote, alipokuwa anafua.

Kasema Mama Mwenye Jengo hajui lolote zaidi ya ndoo. Amemkaripia Shemeji kwa uzembe wake, akamkata malipo ya siku, Shemeji akakubali. Kichwa cha bwana harusi alikimalizia Shemeji, kibarazani. Na kiti bado ni changu, nikipona mguu. Wote wanaamini nimeumia mguu.

Nikauliza aproni yake iko wapi. Akasema ameifua, imeanikwa kambani pamoja na yangu. Akasema, "Ukitoka, Baba Watoto, mwambie mwenzio asante. Neno moja tu. Halina gharama."

Akatoka. Nikageukia ukuta. Ile aproni ilikuwa na joto la mtu. Macho yaliniwasha kwa muda. Ni ile dawa wanayodekia hospitali.

Nitalifikiria neno hilo.

Ijumaa, 14 Machi

Nyumbani. Nimelifikiria.

Mambo yote sasa yako wazi. Mtu gani mwenye nia njema anaweka ndoo iliyojaa maji saluni siku ya harusi? Aliitayarisha. Na kujitwisha kosa, na kukatwa siku bila kunung'unika: huo si unyenyekevu, huo ni ujanja wa mtu anayetazama mbali. Anataka kiti changu. Leo ametuma habari kwamba choo kimetiwa kufuli jipya, pamoja na ufunguo wangu peke yangu, mdogo, bila ubao. Eti niuweke mfukoni, nisimwombe mtu. Ni mtego. Nimeurudisha. Nimemtumia ujumbe kwamba mimi si mtu wa vyoo.

Mwalimu mstaafu alikuja kunijulia hali. Kasema ng'ambo ya barabara yule kijana ameandika ubao: Tunapumzisha Vichwa. Wizi kila upande!

Jumatatu narudi. Kiti dirishani, au sikai. Chakula nitakiacha tangu Jumamosi. Mara ile nilikiacha siku moja tu kabla. Ndipo nilipokosea. Siku moja haitoshi. Safari hii siku mbili kamili.

Mama watoto ananiletea maji ya chumvi na sukari kila asubuhi na kusimama hadi nishike kikombe. Akigeuka tu, namwagia lile ua la kopo lililoko dirishani. Tangu juzi linanyauka, majani yameinama yote upande mmoja.

Nimelitazama sana leo. Ua lile nalo halina nidhamu.