Kidole Tumbo cha Kushoto

Redio ya kibanda cha kahawa ndiyo iliyochokoza: eti siku hizi mtu anaweza kuujua mwili mzima wa binadamu mtandaoni, mifupa, mishipa mpaka utumbo, tena bure. Pale benchini kwetu aliyeruka wa kwanza alikuwa Profesa, fundi simu.

"Habari ya zamani hiyo! Mimi moyo nimesoma, figo nimesoma. Jana nimemaliza ubongo."

"Ubongo wa nani?" akauliza Bonge, dereva wa teksi. "Maana wako hatujawahi kuuona."

Tukacheka wote, isipokuwa Mkasi, kinyozi wetu. Alikuwa amejikunja, mkono umekandamiza tumbo chini upande wa kulia, jasho linamchuruzika.

"Tangu asubuhi panachoma kama pasi," akasema.

Profesa akachomoa simu. "Tulia, kaka. Bando lipo." Akatuonyesha picha ya mtu aliyechunwa ngozi, kila kiungo na rangi yake. "Cha kuogopa tumboni ni kidole tumbo. Hiki hapa, kushoto. Sasa wewe unaumwa kulia! Hiyo gesi tu. Ruka ruka itoke."

Mkasi, maskini, akaruka. Mara moja tu. Akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mwenye ndevu, akakaa vumbini.

Bonge akamkamata Profesa mabega, wakatazamana uso kwa uso. "Inua mkono wa kulia."

Akainua.

"Kwangu mimi uko upande gani?"

"Kushoto."

"Na huyo wa kwenye simu amekupa uso au kisogo?"

Profesa akaitazama picha. Akaigeuza simu juu chini. Akaitazama tena. Hatukumngoja amalize, tulimbeba Mkasi hadi kwenye teksi, mkono wake umening'ang'ania.

"Mwambie mama watoto..."

"Utamwambia mwenyewe, bwana!" nikamkatiza.

Hospitali walimpasua jioni ile ile. Daktari alituambia kidole tumbo kilikuwa karibu kupasuka.

Mkasi aliporudi benchini, suruali inampwaya, anatembea kama amebeba mayai, tulikaa tukingoja Profesa aombe radhi. Akaomba, kwa namna yake.

"Pole sana, kaka. Lakini tuseme ukweli, picha haikukosea. Wewe ndiye uliyeumbwa kinyume."

"Kinyume na nani?" Mkasi akashika tumbo, machozi yanamtoka kwa kicheko na maumivu. "Jamani, mshono wangu!"

"Basi yaishe. Tumbo nimeachana nalo, lina mambo mengi. Wiki hii naanza meno." Profesa akafungua simu, akatukagua mmoja mmoja. "Nani hapa jino linamsumbua?"

Tulifumba midomo wote kwa pamoja, tukainuka, kila mtu akashika njia yake.