Mjukuu Asikute Vitambaa

Jumatatu, 4 Mei

Leo mlango wa chumba kidogo umegoma. Baba Watoto ameusukuma kwa bega, ukafunguka kidogo, ukakataa kuendelea. Ameingiza mkono tu. Mkono ukatoka na kitambaa cha maua ya zambarau nilichokuwa nakitafuta tangu mwaka juzi. Nimefurahi sana! Yeye hakufurahi.

Amesema, kwa ule upole wake unaotisha kuliko kelele, kwamba binti yetu anajifungua mwezi huu na chumba cha kumweka ni hicho hicho. Kana kwamba sijui. Binti alipiga simu jana. Angependa kuja kupumzika kwetu akishajifungua, ila Jumamosi atapita na mama mkwe wake waone chumba. Kikiwa tayari, anakuja kwetu na mtoto. Kisipokuwa tayari, anakwenda kwa mama mkwe. Hakusema kwa ubaya. Mtu mwenye kichanga lazima alale mahali.

Huyo mama mkwe wake mimi namwita Bi Pasi. Moyoni tu. Mbele yake ni "mkwe" na tabasamu. Kwake kila kitu kimepigwa pasi, mpaka matambara ya jikoni. Nikiwaza mjukuu wangu wa kwanza akilelewa huko, amekunjwa vizuri na kupangwa kabatini, roho inaniuma kweli.

Basi nimekula kiapo. Sitaingiza kitambaa kipya ndani ya nyumba hii. Vilivyomo nitavishona mpaka viishe. Na nitamaliza lile blanketi la viraka la binti yangu, la nyota, nililolianza akiwa sekondari. Lilikuwa zawadi ya kumaliza shule. Likawa zawadi ya harusi. Sasa ni la mtoto.

Baba Watoto ameuliza kama kuna blanketi lolote nililowahi kulimaliza. Uchokozi.

Jumanne, 5 Mei

Nimejifunga kibwebwe. Mafungu sakafuni: kutumia, kugawa, kutupa. Mpaka mchana fungu la kutupa lilikuwa na lebo moja ya shati. Fungu la kugawa lilikuwa na kitambaa cha kijivu, kibaya kabisa, sijui nilikinunua nikiwa na nini kichwani. Nikakitazama. Nikakionea huruma. Kikaenda kwenye kutumia.

Watu hawaelewi. Wao wanaona vitambaa. Mimi naona mapazia ya nyumba tuliyoanzia maisha, na sare ya binti yangu ya darasa la kwanza, na gauni la marehemu mama ambalo limebaki mkono mmoja tu. Nitamgawaje mama?

Jioni nimekwenda kwa fundi cherehani wa mtaani. Huwa ananiwekea masalio ya nguo anazokata. Nimemwambia aache, na nimesema kwa msimamo. Amenielewa kabisa. Amekiri hata yeye alikuwa ameanza kuwa na wasiwasi juu yangu. Kisha akasema mfuko aliokwisha kunitengea ndio uwe wa mwisho. Sasa mfuko wa mwisho unaukataaje? Na si vitambaa vipya, ni masalio. Kiapo kiko salama.

Baba Watoto alikuwa sebuleni, kwa hiyo nimepitishia dirisha la chumba kidogo, kipande kimoja kimoja, katikati ya nondo. Jirani alinikuta nimesimama kwenye ndoo. Nilimsalimia kama kawaida.

Jumatano, 6 Mei

Nimepata akili! Mito ya makochi ina sponji. Sponji ya nini wakati nina vitambaa? Nimetoa sponji yote, nimejaza vitambaa, nimeshona. Chumba kimepumua. Unaona sakafu, ingawa si yote.

Baba Watoto amerudi kutoka kazini, ameketi, miguu yake ikaning'inia. Halafu akauliza kama televisheni imeshushwa. Nimesema labda.

Sponji nimeificha chini ya kitanda chetu. Hiyo ni kesi nyingine.

Kabla ya kupika nimetoa rundo la vitambaa vya kazi ya kesho, nikafunga chumba kwa ufunguo, Baba Watoto asije akachungulia na kukutana na mfuko wa fundi. Ufunguo nimeukunja ndani ya kile kitambaa cha kijivu, nikakitia kwenye kikapu changu cha kushonea. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekigusa.

Alhamisi, 7 Mei

Siku kubwa. Blanketi la viraka lina sehemu ya juu, ambayo ndiyo viraka vyenyewe, lina bitana chini, na katikati unaweka pamba. Mimi pamba sina. Nina vitambaa. Nimetandika bitana kwenye meza ya chakula, juu yake nikapanga vitambaa, tabaka juu ya tabaka, vyote vilivyokuwa kwenye rundo na vilivyokuwa kikapuni. Hata vile vibaya vimepata kazi hatimaye. Juu kabisa nyota zangu.

Cherehani imevunja sindano, kisha ikavunja nyingine, kisha ikatoa moshi. Nimeiacha ipumzike. Nimeshona kwa mkono, kwa ile sindano ya magunia. Vidole vinauma mpaka kushika kalamu ni tabu.

Ila limekwisha! Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimefunga mshono wa mwisho, nimekata uzi, na hakuna kilichobaki. Nimesimama pale nikalia kidogo, sioni haya kuandika. Kisha nimelinyanyua na meza ikabaki uchi. Nilikuwa nimelishona pamoja na kitambaa cha meza.

Nimefikiri. Kitambaa cha meza ni kizuri, kina mauamaua. Kuanzia leo hicho ndicho bitana. Nimekata kilichozidi pembeni. Baba Watoto amekula kwenye mbao tupu, akauliza kitambaa cha meza kiko wapi, na mimi nimeuliza siku hizi bamia wanaziuza vipi.

Ijumaa, 8 Mei

Ufunguo haupo.

Nimepekua kikapu. Nimepekua kabati, makopo ya vifungo, mifuko ya magauni. Nimefumua mito yote ya makochi, nimeishona upya. Kitambaa cha kijivu hakionekani popote. Nimejiambia nimekigawa bila kujua, nikajishangaa, maana sijawahi.

Baba Watoto amejitolea kuuvunja mlango. Nimemwambia kitasa kina kutu tu, kinahitaji mafuta na subira. Akiuvunja ataona mfuko wa fundi, na vile ambavyo sikuwahi kumwonyesha kabisa, vya nyuma ya ubao wa kitanda cha humo.

Mchana nimechoka, nimejilaza juu ya blanketi langu nijifariji. Kitu kikanichoma ubavuni. Kidogo, kigumu, chenye meno.

Kwisha habari yangu. Umo ndani. Nimeupapasa, nimeutambua hata tundu lake. Uko katikati kabisa, chini ya nyota kubwa, pale niliposhona mara mbili ili padumu.

Nimechukua mkasi. Nimeuweka. Nimeuchukua tena. Kitu kimoja maishani nimekimaliza, kimoja tu, na nikifumue siku ya pili yake? Mkono umekataa. Kesho nitawaambia wageni chumba kimepakwa rangi na bado mbichi. Mpaka Jumatatu nitakuwa nimepata njia.

Jumamosi, 9 Mei

Wamekuja. Binti yangu anatembea taratibu, mkono kiunoni, amependeza. Ameketi kwenye kochi, akapanda juu, akanitazama, akaminya mto kwa kidole. Huyo ni damu yangu. Bi Pasi ameketi ubavuni pake na mkoba magotini, sketi haina hata kunyanzi.

Nimesema habari ya rangi. Baba Watoto, ambaye uongo hakujaliwa, ameuliza rangi gani hiyo. Nimesema nyeupe. Akauliza nani amepaka, maana mlango haujafunguka tangu juzi. Nimekimbilia blanketi.

Nimelileta kwa kulikumbatia, kama mtu anayehamisha mgonjwa. Nimemwekea binti yangu mapajani. Kochi limelia. Amepitisha kiganja juu ya nyota, akaikuta ile ya sare yake ya shule, akaikuta ile ya mkono wa gauni la bibi yake, na macho yakamjaa.

"Mama," akasema, "umelimaliza."

Laiti mambo yangesimama hapo! Lakini Bi Pasi naye amenyoosha mkono kupapasa kazi. Vidole vyake vimetembea, vimetembea, vikasimama katikati.

"Mkwe," akasema, "hapa kuna kitu kigumu."

Nilitaka kujikausha. Kinywa kilikwisha kufunguka, uongo uko tayari ulimini, kitu kuhusu kifungo cha mapambo. Nikamtazama binti yangu analifuta chozi kwa ncha ya blanketi, nikashindwa. Nimewaambia yote. Ufunguo, chumba, mfuko wa fundi. Nimesema hakuna rangi wala chumba hakijawa tayari, na kwamba nimejaribu, na kwamba kama atakwenda kwa mkwe nitaelewa.

Bi Pasi akamwomba Baba Watoto amtoe binti nje apate hewa. Walipotoka akafungua mkoba, akatoa leso iliyopigwa pasi, na ndani ya leso kile kifaa kidogo cha kufumulia mishono. Mtu anayetembea na kifaa hicho mkobani si mtu wa kawaida. Nilipaswa kujua.

Amefumua upande mmoja tu, taratibu, hakugusa nyota hata moja. Akaingiza mkono, akaanza kuvuta vitambaa. Nilingoja acheke. Hakucheka. Amevuta kile cha maua ya zambarau akakilaza magotini, kisha akasema alikuwa nacho kama hicho, akakimaliza, na mpaka leo hajapata kingine. Nikamwambia achukue. Ameking'ang'ania kama mtoto.

Ndipo akaeleza. Kwake chumba cha wageni kimejaa. Viko chini ya magodoro, nyuma ya makabati, ndani ya majokofu mabovu. Usiku na mchana alikuwa anaomba chumba changu kiwe tayari, maana chake hakiwezi kufunguliwa mbele ya watu.

"Unadhani napiga pasi kwa usafi?" akasema. "Kilichopigwa pasi hakichukui nafasi, mkwe."

Nimemkumbatia. Nimemkunja sketi.

Ufunguo ulikuwa ndani ya kile cha kijivu. Tumefungua chumba, tumechomeka pasi, yeye anapiga, mimi napanga chini ya godoro, godoro linainuka. Tulipowaita, chumba kilikuwa wazi na kitanda kilikuwa kimeinuka kidogo. Binti yangu amekipanda kwa kusaidiwa, akalala, akatazama dari, akasema atakuja hapa. Sijui kama aliuona usoni mwangu moyo wangu ulivyo. Nadhani aliuona.

Blanketi lenyewe, vitambaa vilipotoka, limekuwa jepesi, linafaa kabisa kwa mtoto. Bado upande mmoja uko wazi. Nitaufunga.

Jumatano, 20 Mei

Yupo! Ni msichana. Ana vidole virefu, vya kushika sindano. Analala chumba kidogo na mama yake, na nyumba nzima inatembea kwa ncha za vidole. Baba Watoto anaingia kila mara kuhakikisha anapumua. Amesema mbele ya watu kwamba anajivunia mimi, kwamba nilisema nitabadilika na nimebadilika. Nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Bi Pasi anakuja kumwona mjukuu kila siku ya pili, na kila akija anakuja na mfuko. Juu nepi, chini vitambaa. Vya kwake havitoshi tena kwake, mimi nafanyaje? Si vipya. Ni vya mkwe. Vimepigwa pasi vizuri, vinaingia kabatini nyuma ya nepi bila mtu kushtuka. Alhamisi iliyopita tulipita kwa fundi cherehani kumshukuru kwa kuacha kuniwekea. Tumerudi na mifuko ya mwisho, mmoja wake, mmoja wangu.

Leo asubuhi Baba Watoto alikuwa anazungukazunguka karibu na kabati. Nimelifunga kwa ufunguo. Na safari hii sikurudia kosa la kukunja ufunguo ndani ya kitambaa ambacho kinaweza kupotea. Nimeutumbukiza, kupitia upande ule ulio wazi, ndani ya blanketi la mtoto, ambalo liko mbele ya macho yangu siku nzima.

Mchana, mtoto na mama yake wamelala, nikapata nafasi. Nimelichukua blanketi taratibu, nimekaa nalo barazani, nimefunga ule upande uliobaki. Uzi imara, mishono midogo, nimerudia mara mbili ili padumu. Sasa limekwisha kweli. Hakuna kilichobaki!

Naandika huku mtoto analia. Binti yangu anaita kutoka chumbani. Anauliza ufunguo wa kabati uko wapi, nepi zote zimo humo.