Kuvumwani Nyekundu, Kama Nilivyosema

Jumatatu, 3 Juni

Daktari kaja. Kanisikiliza kifua, kisha kakikunja kifaa chake polepole mno. Kaniambia niweke mambo yangu sawa. Nikamuuliza nimebakiwa na muda gani. Akatazama dirishani. Nimeelewa.

Jambo langu ni moja tu. Nyumba nimeshamwandikia binti yangu. Waliostahili kuombwa radhi wametangulia wote. Limebaki suala la kuvumwani.

Nieleze, maana nimeamua kuandika kila kitu bila kujisitiri. Nyuma ya mji kuna kinamasi. Ukikikanyaga kinanesa kama godoro. Juu yake imetanda kuvumwani, kimmea laini kinachofyonza maji kama sponji, na chini kuna tabaka nene jeusi la mababu zake waliokataa kuoza. Mimi, mwalimu mstaafu wa botania, nilisema ni ile aina nyekundu inayoota juu ya vichuguu, yale matuta madogo ya kinamasi. Darubini akasema ni ile ya kijani inayoelea madimbwini. Huyu alikuwa mtunza ghala la mimea mikavu chuoni. Jina la Darubini nilimpa mimi, kwa kuwa huona vya mbali na kukosa vya karibu. Ndiye rafiki pekee niliyebaki naye. Hatusemezani.

Desturi ya ghala ni kwamba hubandui kibandiko cha mwenzio. Ukilipinga jina aliloupa mmea, unabandika lako pembeni na kutia saini. Nilibandika. Akabandika. Nikabandika! Karatasi uliposhikizwa mmea imejaa hadi mmea wenyewe hauonekani. Kibandiko cha mwisho ni chake.

Siwezi kufa hivyo.

Jumanne, 4 Juni

Habari mbaya. Ijumaa chuo kinamleta mtaalamu aje kukata shauri. Kaitwa na nani? Na Darubini! Uso mkavu kiasi gani huo?

Habari mbaya zaidi. Kuvumwani yangu, ninayoitunza kwenye bakuli dirishani, imegeuka kijani. Wekundu wake huletwa na jua, na dirisha langu limetazama ukuta wa jirani. Kijani kabisa! Kama ya Darubini!

Nimepata wazo. Nikamwambia binti yangu nina hamu ya juisi ya bitiruti. Akafurahi hadi machozi yakamlenga, kwamba Baba kaomba kitu kwa kinywa chake. Hapo dhamiri ilinichoma. Kidogo. Kisha akatoka, nikaimimina juisi yote bakulini. Kuvumwani ikainywa hadi tone la mwisho. Nyekundu tukufu!

Naungama: maisha yangu yote ya kazi niliwaambia wanafunzi kuwa rangi ya kuvumwani huongopa, watazame umbo la jani. Waliosahau niliwafelisha.

Jumatano, 5 Juni

Muuguzi kaingia asubuhi, kaona vidole vyangu vyekundu, kaona mto wa kulalia nao mwekundu, kapiga ukelele. Nyumba nzima ikajaa mbio. Daktari akaitwa. Nikasema ni bitiruti. Wakaulizana kama nimeanza kuweweseka. Binti yangu akakaa kitandani, akanishika mkono uleule mwekundu, akaniomba nimwambie ukweli kama natapika damu. Nikamwambia tena ni bitiruti. Akauliza bitiruti imefikaje kwenye mto. Nikafumba macho, nikajifanya nimelala. Mgonjwa ana haki zake.

Walipotoka nilichukua lenzi yangu, nikatazama jani moja. Sikuwa nimelitazama kwa utulivu kwa muda mrefu. Nilikuwa nalitazama kwa hasira tu. Sehemu kubwa ya jani hili imekufa. Seli zilizokufa ni pana, tupu, na ndizo zinazobeba maji. Zilizo hai ni nyembamba, zimebanwa katikati, zinaishi kwa maji yanayoshikwa na wafu. Nililifundisha jambo hili kila mwaka, na kila mwaka nililiandika ubaoni kama habari ya kawaida.

Nikamkumbuka marehemu mke wangu. Nikalia kidogo. Kisha nikaongeza bitiruti ya leo.

Ijumaa, 7 Juni

Binti yangu kanisukuma kwenye kiti cha magurudumu, juu ya mbao zilizotandikwa ukingoni mwa kinamasi. Bakuli nimelipakata. Gurudumu moja likazama. Akasema, kwa sauti ya mama yake, kwamba wazee wengine wakiumwa hutaka kuona wajukuu.

Darubini alikuwepo. Amekonda. Koti linamning'inia kama limetundikwa msumarini. Sikulitarajia hilo. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, nikayameza. Yeye hakuyameza yake. Akaniuliza kama Profesa, yaani mimi, amekuja na supu yake.

Mtaalamu ni mwanamke wa makamo. Kumbe nilimfundisha! Akanishika mikono yote miwili, akaniita Mwalimu. Nikamtupia Darubini jicho la ushindi. Kisha mtaalamu akachovya kidole bakulini, akakinusa, akanitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama wanafunzi waliokosea. Akaimwaga juisi yangu taratibu.

Kumbe si mimi peke yangu! Pale Darubini alipoonyesha kuvumwani yake ya kijani, palikuwa na duara la kijani kamili, na nje ya duara yote ina wekundu. Mtaalamu akauliza ni ndoo gani iliyoinamishwa hapa kuzuia jua. Darubini akakohoa. Akakohoa sana. Ndoo ilikuwa nyuma ya kichaka! Nilicheka hadi binti yangu akanishika mabega nisianguke.

Mtaalamu akaweka hadubini kwenye boneti ya gari, akachuna jani moja la shina. Akatuita tutazame kwa zamu. Ile nyekundu ya vichuguu, akasema, jani lake la shina lina ncha kama ya ulimi. Ile ya madimbwini imechongoka, na ukiitoa majini inalala kama paka aliyeloa. Hii ncha yake imechanikachanika kama ukingo wa kitambaa kikuukuu. Tena haikai kichuguuni wala dimbwini. Inakaa ukingoni, chini ya vichaka, kwenye kivuli nusu. Ni aina ya tatu. Ya kawaida kabisa.

Kisha akaandika kibandiko chake.

Njiani binti yangu aliniuliza kama hukumu hiyo imeniuma. Nikamwambia kinachouma ni gurudumu.

Jumapili, 9 Juni

Darubini kaja nyumbani! Kapanda ngazi kwa mapumziko. Kakaa kwenye kiti cha muuguzi. Tulikunywa chai yote. Kisha akasema yule mtaalamu kachuna jani kutoka shina changa, na majani ya shina changa hayaaminiki. Nikasema nilikuwa nafikiri hilohilo. Akasema na hadubini ya boneti ilikuwa inatikisika. Nikasema inatikisika mno! Tukasogeleana. Binti yangu akachungulia mlangoni, akatuita watoto wawili, akafunga mlango polepole.

Tumekubaliana. Dawa ya ubishi ni vidonge vya spora, vile vifuko vya vumbi la uzazi, ambavyo kuvumwani huvitoa baada ya mvua kubwa. Tutavikusanya pamoja, tutabandika kibandiko kimoja, saini mbili. Alipoondoka alinishika bega, mkono ukakaa hapo.

Jioni daktari kapita. Nimemwarifu kuwa mpaka mvua zipite sitaweza kufa, nina shughuli. Akatazama tena dirishani. Atazame tu.

Darubini asijue: vidonge vitaonyesha ni ile nyekundu.